Hekalu la Wagreki na Kitabu cha Padri Camps

Fratri mmoja aliniletea picha ya kapela ndogo, kuta zake zote zimeandikwa watakatifu juu ya dhahabu, akaniuliza: «Padri, hawa Wagreki wa Amerika wamejengewa hekalu kwa sababu walitangulia kufika. Wagreki wetu wa Kisangani nao walifika zamani. Hekalu lao ni lipi?» Wenzake wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa maana sisi watu wa hapa tukisikia neno «Mgreki» hatuoni hekalu, tunaona magazini: meza ndefu ya mbao, mizani, marobota ya vitambaa, samaki wa chumvi, na mwenyewe ameketi nyuma na kitabu chake cha madeni. Nafikiri kuna mafratri ambao hawajatambua bado kwamba Wayunani walioandikiwa na mtakatifu Paulo na Wagreki wa magazini ni taifa moja.

Lakini swali lilinirudia usiku. Hekalu ni kitu cha kuchunguzwa sawa na kitabu. Anayelijenga anasema neno, na sisi tuna haki ya kuuliza kama neno lile ni la kweli, na kama limesemwa lote.

Kwanza tuwakumbuke Wagreki wetu kwa ufupi. Walianza kuingia Kongo tangu mwanzo wa karne ya 20, wengi wao watu wa visiwani na wa Kupro, wengine wakipitia Misri na Sudani. Katika mji huu, ulioitwa Stanleyville wakati ule, walinunua kahawa, mchele na mafuta ya mawese, wakauza vitambaa, chumvi na baisikeli. Walikaa katikati: Wabeleji hawakuwahesabu kuwa wenzao kamili, na sisi hatukuwahesabu kuwa wenzetu hata kidogo. Mwaka wa 1958 Patriarka wa Alexandria aliwawekea jimbo kubwa la Afrika ya Kati, makao yake Leopoldville. Yakaja mambo ya 1964, ikaja tarehe 30 Novemba 1973, siku Mobutu alipotangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatatiwa mikononi mwa wenyeji. Wengi wakafunga masanduku. Wengine walirudi baadaye, lakini wachache. Waortodoksi wa nchi yetu leo ni Wakongo zaidi kuliko Wagreki, na hilo ni jambo ambalo wenye magazini hawakuliwaza.

Sasa tuvuke bahari. Hekalu la ile picha liko St. Augustine, katika Florida, mji uliojengwa na Wahispania mwaka wa 1565. Linaitwa Hekalu la Mtakatifu Photios, nalo lilifunguliwa mwaka wa 1982 na Eklezia ya Kigreki ya Kiortodoksi ya Amerika kwa heshima ya Wagreki wa kwanza waliofika kule kwa wingi. Asiyeijua habari yao hawezi kuhukumu chochote, basi niisimulie.

Waingereza walipata Florida kwa Wahispania mwaka wa 1763. Daktari mmoja Mskoti, Andrew Turnbull, akapewa ardhi kubwa huko. Mke wake alikuwa binti wa Kigreki wa Smyrna, kwa hiyo akaliita shamba lake New Smyrna. Alitaka kulima nili, ile rangi ya buluu ya vitambaa iliyopendwa sana Ulaya, akatafuta watu kandokando ya Bahari ya Kati. Akapata Wagreki, zaidi wa milima ya Mani waliokuwa chini ya Waturuki. Akapata watu wa Corsica na wa Italia. Na wengi kupita wote, akapata watu wa kisiwa cha Menorca, Wakatoliki waliokuwa na njaa. Wakapanda merikebu 8 mwaka wa 1768, jumla watu 1,403. Waliokufa baharini ni 148. Waliahidiwa kwamba wakimaliza miaka ya mkataba watapewa shamba lao wenyewe.

Walikuta vinamasi, mbu na chakula kidogo. Mwezi wa Agosti mwaka uleule baadhi yao waliasi, wakataka kukimbilia Cuba kwa merikebu. Wakakamatwa, wengine wakahukumiwa kufa. Yasemwa kwamba mmoja alisamehewa kwa sharti la kuwaua wenzake wawili kwa mkono wake mwenyewe. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamekufa watu 450. Miaka 9 walilima nili. Mwaka wa 1777 waliobaki, 600 hivi, waliacha shamba wakaenda kwa miguu mpaka St. Augustine, kama kilometa 110, na gavana Patrick Tonyn akawapokea.

Hapa namjibu fratri jibu la kwanza. Alilinganisha Wagreki wa kule na Wagreki wetu kwa sababu ya jina. Lakini watu wa New Smyrna hawakuwa watu wa magazini. Msomaji wa Jimbo la Tshopo akitaka kuwafahamu, asimtazame Mgreki nyuma ya meza yake. Amtazame babu yake mwenyewe, aliyepimiwa shamba la pamba ya lazima, akahesabiwa, akaambiwa atalipwa, na msimamizi akapita na fimbo. Mkataba, ahadi, shamba la bwana, mazao yasiyoliwa: kila kitu tunakijua. Wagreki wa Florida ni ndugu za babu zetu kwa mateso, nao ni ndugu za Wagreki wetu kwa lugha tu.

Basi sifa ya kwanza ya hekalu hili ni kubwa, nami sitaki kuipunguza. Mara nyingi mataifa yanapowakumbuka waliotangulia, yanachonga mtu mwenye upanga, au mtu aliyenyosha kidole kuelekea mbali. Sisi wa Kisangani tuliishi miaka mingi chini ya jina la mtu wa namna hiyo. Wagreki wa Amerika wangeweza kumtafuta Mgreki tajiri, mwenye merikebu, mwenye benki, wakamjengea mnara. Wakachagua vibarua waliokufa kwa homa. Wamefanya vema, na ni vigumu kufanya hivyo, kwa maana kila kabila hupenda babu aliyeshinda.

Sifa ya pili ni ya nyumba. Hawakujenga kanisa jipya lenye kuba kubwa, ingawa nadhani fedha hazikukosekana. Walinunua nyumba ya kale ya ukoo wa Avero, nyumba ya Kihispania ya karne ya 18, katika njia nyembamba iitwayo St. George, karibu na lango la zamani la mji. Imejengwa kwa mawe ya kule, ambayo ni makombe ya baharini yaliyoshikamana mpaka yakawa mwamba. Humo ndani wameweka chumba cha kuonyesha historia ya wale watu, na kapela.

Juu ya kapela nina neno. Kuta zake zimepigwa rangi kwa desturi ya Bizanti. Mafratri wetu waliozoea picha za Roma na Ubelgiji huona sanaa hii kuwa ngumu: nyuso ndefu, macho makubwa, hakuna kivuli. Wafahamu kwamba kukosa kivuli ndiyo maana yake. Mchoraji wa Mashariki haonyeshi jua linalotoka dirishani. Dhahabu ya nyuma ni nuru ya Mungu, nayo haitoki upande mmoja, kwa hiyo hakuna cha kutupa kivuli. Mtakatifu amesimama pale ambapo usiku haupo tena. Ni theolojia nzuri, na imefanywa kwa mkono wa fundi.

Walakini naona upungufu. Katika chumba cha historia mna maskini, katika kapela mna utukufu. Mgeni anatoka huku akiingia kule, na hakuna kitu kinachomfungia vitu viwili hivi pamoja. Vibarua wa nili wanabaki na karatasi na vitu vya kale. Maaskofu na wafiadini wa Bizanti wanapata dhahabu. Najua sababu: icon haitengenezwi ila kwa mtakatifu, na wale watu hakuna aliyewatangaza kuwa watakatifu. Sheria yetu pia ni hiyo. Kanuni ya 1187 hairuhusu ibada ya hadhara ila kwa wale walioandikwa na Eklezia katika hesabu ya watakatifu au wenye heri. Mtu aliyevuka bahari kutafuta shamba si mfiadini kwa sababu amekufa kwa homa. Hapo Waortodoksi wamekuwa waaminifu, hawakuchanganya. Lakini Mashariki wana dawa yao wenyewe kwa jambo hili: ile sala ya wafu, na sahani ya ngano iliyochemshwa kwa asali au sukari, kwa maana punje isipoanguka katika udongo na kufa haizai. Ningekuwa mimi mwenye kupanga nyumba ile, ngano ile ndiyo ningeiweka kati ya vyumba viwili, mahali pa kupita.

Nije kwa jina. Kwa nini Photios?

Wasomaji waliosoma semineri zamani wanakumbuka namna vitabu vyetu vya historia vilivyomchora. Alikuwa mlei mwenye elimu nyingi, akafanywa Patriarka wa Konstantinopoli mwaka wa 858 kwa siku chache tu tangu kupewa daraja la kwanza. Akagombana na Papa Nikolao wa Kwanza. Akaishitaki Eklezia ya Kilatini kwa kuongeza neno «na Mwana» katika Nasadiki. Vitabu vile vilimwita baba wa utengano. Ndipo mwaka wa 1948 padri mmoja Mkatoliki, Francis Dvornik, mtu wa Moravia, alitoa kitabu juu ya mambo ya Photios ambacho kiliwalazimisha wanahistoria wetu kuandika upya. Alionyesha kwamba Photios, alipokuwa patriarka mara ya pili, alikubaliwa na Papa Yohane wa Nane, na sinodi ya miaka ya 879 na 880 ilimrudishia heshima yake. Ule utengano wa pili uliosimuliwa mashuleni haukutokea. Mtu tuliyemfanya mpasuaji alikufa bila kufarakana na Roma.

Tena kuna hili, ambalo katekista yeyote wa Afrika atalipenda. Katika siku za Photios, mwaka wa 863, Konstantinopoli ilimtuma mwanafunzi wake Konstantino, ambaye baadaye aliitwa Sirili, pamoja na nduguye Methodi, kuwapelekea Waslavi Injili katika lugha yao wenyewe. Mapadri wa Kilatini waliwapinga, wakisema Mungu husifiwa kwa Kiebrania, Kigreki na Kilatini tu. Wale ndugu wawili wakaenda Roma, na Papa Adriano wa Pili akavibariki vitabu vyao vya Kislavi. Sisi tuliongoja mpaka mwaka wa 1988 ili Roma ithibitishe Misa yetu kwa desturi za nchi yetu tusimsahau mtu huyo; njia tunayoipita, wanafunzi wake walifyeka nyasi zake.

Kwa hiyo siwezi kusema jina limechaguliwa vibaya kwa sababu Photios ni adui. Si adui. Jina lina taabu nyingine, nayo iko katika nyumba yenyewe.

Wagreki wa New Smyrna hawakuwa na padri wa Kiortodoksi, hata mmoja. Mapadri waliopanda merikebu zile walikuwa wawili, wote wa Menorca, wote Wakatoliki. Mmoja alisema wazi juu ya mateso ya watu, wenye shamba wakamrudisha Ulaya. Wa pili ni Pedro Camps. Huyu alibaki. Alikuwa chini ya serikali ya Waprotestanti ambao hawakumpenda, na mkubwa wake, askofu wa Santiago, alikuwa ng'ambo, Cuba, chini ya mfalme mwingine. Ruhusa zake zilikuwa za miaka mitatu. Zilipokaribia kwisha ilimpasa kuandika barua kuomba ziongezwe, na barua zikasafiri kwa siri na wavuvi wa Cuba waliokuja kuvua karibu na pwani. Mafratri wanaolalamika kwamba posta ya Kisangani inachelewa wamfikirie kidogo.

Mwaka wa 1777 watu walipokimbilia St. Augustine, Camps alikwenda pamoja nao, akafungua kapela katika nyumba karibu na lango la mji. Nyumba hiyo ndiyo nyumba ya Avero. Yaani pale penye dhahabu ya Photios leo, padri wa Kilatini alisoma Misa ya Kilatini, akabatiza kwa Kilatini, na Wagreki waliobaki walikuwa katika kundi lake. Mmoja wao, Ioannis Giannopoulos wa Mani, fundi wa mbao, aliacha nyumba ya miti katika njia ileile, nayo ilikuwa shule; bado imesimama. Katika vitabu vya parokia jina lake limeandikwa Kihispania: Juan. Aliingia katika jamaa za Wamenorca, watoto wake wakawa Wakatoliki. Ndivyo ilivyokuwa kwa karibu wote. Wagreki wa kwanza wa Amerika hawakuacha Eklezia ya Kigreki nyuma yao. Waliacha Wakatoliki wa Florida.

Basi hekalu linasema neno moja, na msingi wake unasema lingine. Ukutani twasoma: hapa ndipo imani ya Mashariki ilipotia mguu. Chini ya sakafu twasikia: hapa watu wa Mashariki, wasio na mchungaji wao, walilishwa na mchungaji wa Magharibi. Historia hii ya nyumba haikufichwa, kila mwenye kuuliza anaijua. Lakini mahali panapoheshimiwa, jina ni nusu ya mafundisho. Hakuna mhujaji anayesoma kila karatasi. Anasoma kibao cha mlangoni.

Nimejiuliza kama nasema hivi kwa wivu wa Kikatoliki. Labda wivu kidogo upo. Nimejaribu kuupima kwa kugeuza jambo: tufikiri kwamba mapadri wetu wangekosekana, na padri wa Kiortodoksi angewazika Wakongo Wakatoliki na kubatiza watoto wao miaka 20, halafu sisi tungenunua nyumba yake, tukaiweka chini ya jina la mtakatifu Roberto Bellarmino. Sheria haikuvunjwa. Bellarmino ni mwalimu mkubwa wa Eklezia. Lakini Waortodoksi wangetutazama, na sisi tungetazama chini.

Mtaguso wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya umoja wa Wakristu tarehe 21 Novemba 1964. Humo Eklezia za Mashariki zinatajwa kwa heshima ambayo babu zetu wa imani hawakuizoea: kwamba zina sakramenti za kweli, kwamba katika shida, mahali panapofaa na kwa idhini ya wakubwa, kushirikiana katika mambo matakatifu si kuweza tu bali kunatiwa moyo. Siku tatu baadaye, tarehe 24, wanajeshi wa miavuli waliangukia mji huu wetu, na wageni wa mataifa mengi waliokuwa wameshikwa walikufa barabarani, na Wakongo wengi mno walikufa siku zile kabla na baada, ambao hesabu yao haikuandikwa popote. Mimi siwezi kuzifikiri tarehe hizi mbili kila moja peke yake. Huko Roma maaskofu wanaandika kwamba Wakristu wamsaidie aliye katika hatari asiye na padri wake; huku Kisangani hatari yenyewe imefika. Pedro Camps alikuwa ameifanya hati ile karibu miaka 200 kabla haijaandikwa, kwa sababu watu walikuwa wanakufa na yeye ndiye aliyekuwapo.

Sasa jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kaskazini ya St. Augustine, mwendo wa saa moja kwa miguu au pungufu, kuna mahali paitwapo Fort Mose. Mwaka wa 1738 gavana wa Kihispania aliwapa mahali hapo watu weusi waliokuwa watumwa wa Waingereza katika Carolina, wakakimbia. Mfalme wa Uhispania alikuwa ameamuru tangu mwaka wa 1693 kwamba mtumwa anayekimbilia Florida na kupokea imani katoliki awe huru. Walijenga ngome ya udongo na miti, wakawa na kanisa lao, na mkubwa wao aliitwa Francisco Menéndez, Mmandinga. Kati yao, vitabu vya ubatizo vyataja mataifa yao, walikuwamo Wakongo. Mwaka wa 1739, katika Carolina, watumwa waliasi karibu na mto Stono, wakaanza safari ya kwenda St. Augustine, wanahistoria wanaona kwamba viongozi wao walitoka katika ufalme wa Kongo, ufalme ambao ulikuwa na wafalme Wakristu tangu 1491. Watu wale walijua kufanya ishara ya msalaba kabla ya kumwona Mwingereza. Wengi waliuawa njiani.

Hawa walikuwa katika mji ule miaka 30 kabla ya merikebu za Turnbull. Nao walikimbia shamba la bwana wakaingia St. Augustine wakitafuta kanisa na uhuru, kama Wagreki wa 1777. Waingereza walipoipokea Florida mwaka wa 1763, watu wa Mose walihamia Cuba pamoja na Wahispania, na majani yakafunika ngome yao. Wachimbaji wa vitu vya kale waliithibitisha katika miaka ya 1980, yaani baada ya kapela ya Photios kufunguliwa. Kwa hiyo waliopanga hekalu siwalaumu kwa kutojua walipoanza. Tena aliyekuwa mkuu wa Eklezia yao siku zile, Askofu Mkuu Iakovos, alitembea pamoja na Martin Luther King huko Selma mwaka wa 1965, wakati maaskofu wengi walipoona ni heri kukaa nyumbani. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa kwamba hakuwapenda weusi. Nasema tu kwamba mgeni wa leo katika mji ule anaweza kuona dhahabu, akanunua kadi, akarudi nyumbani akifikiri kwamba historia ya waliokimbilia imani mahali pale ilianza na Wagreki.

Na nani aliyehifadhi majina ya hawa na ya wale? Si mchoraji. Padri Camps aliandika kitabu tangu 1768: ubatizo, ndoa, vifo. Watu wa kule wanakiita Kitabu cha Dhahabu cha Wamenorca. Kama si kitabu hicho, tungejua jina la Turnbull na hesabu ya merikebu zake, na hao Wagreki wangekuwa tarakimu katika karatasi za mfanyabiashara. Wahispania wa zamani nao waliandika, tangu 1594; na kuanzia mwaka wa 1606 wamo watoto weusi waliobatizwa. Vitabu hivi vilichukuliwa Cuba mwaka wa 1763, vikasahauliwa miaka mingi, vikarudishwa St. Augustine mwaka wa 1906. Mkongo aliyekimbia Carolina na Mgreki aliyekimbia New Smyrna wamelala katika rafu moja, kwa wino wa aina moja. Kwangu hekalu ni hilo. Lile la njia ya St. George ni zuri, nami ningefurahi kulitembelea, lakini limesoma kurasa chache za kitabu kikubwa.

Narudi kwa fratri. Wagreki wa Kisangani wana haki ya kukumbukwa, na watu wao wenyewe watajua namna. Eklezia yao katika Kongo haikosi watu wa kuheshimiwa: Archimandriti Chrysostomos Papasarantopoulos alikuja Afrika mwaka wa 1960, akiwa mzee kuliko maprofesa wenu wengi, akajifunza lugha zetu, akafa Kananga mwaka wa 1972, na mmonaki Cosmas wa monasteri ya Grigoriou alifanya kazi Kolwezi mpaka ajali ya gari ilipomwua mwaka wa 1989. Hao hawakuja na mizani.

Lakini kabla ya kuuliza hekalu la Wagreki liko wapi, nendeni parokiani mwenu mkaombe kuona vitabu vya ubatizo vya zamani. Padri Gabriel Grison alianza misioni ya Mtakatifu Gabrieli hapa kwetu mwaka wa 1897. Tangu siku ile watu wameandikwa: watoto waliokombolewa utumwani, Wagenia, Walokele, Wabali, Watopoke, wageni wa kila namna, na baba wa ubatizo ambao hakuna anayejua tena walikuwa nani. Katika parokia moja, sitaitaja, nilifungua kabati nikakuta mchwa wamekula kitabu kimoja kutoka jalada la nyuma mpaka herufi M. Majina ya A mpaka L yalikuwa salama, mwandiko mzuri wa katekista, wino mweusi. Nilimwuliza padri kijana kama kuna nakala. Akasema tutatafuta.